Bawa la Juu, Kushoto

Mume mwenzangu,

Kwanza upate habari kamili: tangu uondoke, fundi mkali kuliko wote mtaa mzima wa Malton ni mimi. Na mwanaume mzuri pia ni mimi, ila hilo ulilijua ukalificha. Ndege zikipita juu ya ghorofa letu kwenda kutua, zinainama kidogo kunisalimia. Muulize mke wetu. Jana kaniambia, "Umeanza kutembea kama babu yako," halafu akaingia jikoni kupika chai, akakaa huko mpaka nikamfuata.

Anaendelea vizuri, usihofu, ingawa mume aliyebakiziwa ndiye huyu. Cherehani yako hajaigusa mtu. Futi yako naivaa mimi shingoni nikienda kwenye banda la ndege za zamani, na wale wazee wa Kizungu wananiita "fundi", kwa Kiswahili kabisa, kama ulivyowafundisha.

Sasa ndege. Imekwisha, Babu. Gladiator yetu! Tuliitoa nje ikapigwa jua, mabawa mawili, moja juu ya jingine, rangi ya fedha, unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Haitaruka, ni ya maonyesho tu, lakini upepo ulipoipitia ilitikisika kama mtu anayetaka kuaga. Watu wakauliza nguo yake kashona nani. Nikasema babu yangu, mshona suti wa Morogoro. Nikaongeza kwamba mwalimu wake nilikuwa mimi. Unanijua.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikupeleka pale ili usishinde ndani unagombana na televisheni. Mzee Walter, mkuu wa banda, akaanza kutueleza: hii ndiyo ndege ya mwisho ya Waingereza ya kupigana angani kuwa na mabawa mawili, ilipoanza kazi zile za bawa moja zilikuwa tayari zinaipita. Wewe hata humsikilizi. Umeshika kitani chao, unakisugua kwa vidole. "Kumbe ndege inavaa," ukasema. "Basi hapa nina kazi."

Tukashona. Bawa limesimamishwa wima, wewe upande huu, mimi ule. Unasukuma ile sindano ndefu, naipokea, nakurudishia. Nikichelewa unagonga ubavu wa bawa: "Mume mwenzangu, umelala?" Na kila siku wimbo wako ule ule: "Usikivute. Kiache kilegee kama foronya. Dawa itakibana yenyewe." Ile dawa ya kupaka, inayonuka kama rangi ya kucha.

Halafu ukaumwa, limebaki bawa moja tu. La juu, kushoto.

Nikasema hili langu. Wazee nikawafukuza wasinisaidie. Nikakivuta, Babu. Nikakivuta kitani mpaka ukikigonga kinalia ngoma, nikajipiga na picha. Dawa ilipokauka ikakaza juu ya kukaza, mbavu zikapinda, ukingo wa nyuma ukawa kama chapati ya bachela.

Nikaja nikakuambia limetoka safi. Ulivyofurahi! Ukamwita mke wetu aje asikie. Halafu ukataka ukalione. Nikasema barabara ina barafu. Nikasema kule uwanja wa ndege, kwenye mizigo, wamenibadilishia zamu. Nikasema lifti mbovu, na wewe unaisikia inapanda na kushuka.

Bawa lilitengenezeka. Mzee Walter hata hakufoka. Tulichana, tukabadilisha mbavu zilizopinda, nikashona upya, safari hii kimelegea, na kila nikipitisha sindano nasikia kama unagonga. Kwa hiyo kinachoniuma siyo bawa, Babu. Lile ungelicheka tu. Ungeniita fundi magunia, ungetafuta mkasi, tungechana wote.

Mke wetu nitampeleka akaione ndege yetu. Siku atakayotaka yeye, hata barafu ifike magotini, nitamshika mkono mpaka chini ya lile bawa. Hiyo naahidi, na safari hii sijigambi. Wewe pumzika, mpinzani wangu. Ukinikuta ndotoni nimeshika kitani, gonga.

Ila ile Jumamosi.

Ijumaa nilikuambia kesho nakuja kukuchukua ukalione bawa, kweli kabisa. Bibi alinisimulia tukishakuzika. Kwamba ulinyoa. Kwamba ulivaa ile suti ya kijivu uliyojishonea, koti la baridi juu yake, ukakaa kwenye kiti cha mlangoni na viatu miguuni, ukakataa kuvuliwa mpaka giza lilipoingia. Kila akikuambia upumzike unamjibu, "Anakuja. Zamu imemchelewesha." Baada ya siku ile hukupata tena nguvu ya kuvaa viatu. Na yeye mpaka leo anaamini ilikuwa zamu.

Sikuwa kazini, Babu. Nilikuwa hapo chini, kwenye maegesho, ndani ya gari, simu nimeizima. Dirisha letu nilikuwa naliona. Sikupanda.