Kwako Baba, Uliyepaka Alama za Njia ya Kikanisa

Umetimia mwaka sasa, Baba, tangu ulipotoka asubuhi na kopo lako la rangi ukisema utarudi kula wali, na hukurudi. Milozi ilikuwa imechanua kama ilivyochanua wiki hii. Walikukuta kwenye chemchemi ya nusu ya njia, umekaa, mgongo umeegemea jiwe, kopo umelifunika vizuri. Daktari alisema ni moyo na kwamba hukuteseka. Kuna siku tunamwamini, na kuna siku hatumwamini.

Wewe na kukaa hamkuwahi kupatana. Ulikula umesimama, sikio moja kwenye redio, jingine kwenye upepo. Ulipostaafu kazi ya kiwanda cha vigae, Mama alidhani sasa atapata mume wa nyumbani. Akapata mwanamume anayezunguka jikoni kutwa, mpaka akamwambia, "Eleuterio, nenda zako mlimani kabla sijakufagia pamoja na makombo."

Ukaenda. Njia ya zamani ya kikanisa cha mlimani, ambayo babu zetu waliipita na punda na siku hizi hupitwa na watu wa Valencia wenye fimbo mbili mbili, ilikuwa imemezwa na miiba. Uliifungua kwa panga na mkasi. Ukaipaka alama, mstari mweupe juu na wa manjano chini, na kila penye njia panda ukaweka msalaba upande usiofaa ili mtu asipotee. Kila mwaka uliipitia yote tena, kwa sababu jua letu halina adabu kwa rangi.

Sisi wanao ulitufundisha kwa makelele. Ximo alipopaka alama yake ya kwanza kwenye mwaloni wa vizibo, ulisimamisha safari nzima.

"We Ximo, mti huu ni wa kubanduliwa gome. Zamu yake ikifika watakuja na mashoka, na alama yako itaenda kuziba chupa ya mvinyo. Wewe watu watakupotelea hapa, na mlevi huko mezani ataelekezwa njia ya kikanisa. Paka kwenye jiwe!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ukatukaripia kwa kukaa.

Kwa hiyo elewa jinsi tulivyochanganyikiwa. Kiangazi kile baada ya kukuzika, Fermín na wabanduaji wenzake walifika msitu wa juu ya chemchemi. Walipomaliza, mialoni ilibaki na vigogo vyekundu kama ilivyo kawaida, na alama za njia hazikuwepo. Zilikuwa zimeshuka kijijini juu ya lori, pamoja na magome. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa umezipaka zote kwenye miti. Wewe, Baba. Na zile za zamani, za kwenye mawe, zilikuwa zimekwisha kufifia.

Vuli ilipofika, mume na mke kutoka Valencia walipotea pale njia panda wakaishia ndani ya shamba la uwindaji, katikati ya mbwa na bunduki za msako wa nguruwe mwitu. Hawakuumia, lakini mwenye shamba alipata sababu aliyokuwa akiitafuta siku zote, akafunga njia kwa mnyororo. Chama cha wapanda milima nacho kikapiga simu. Wakaguzi wao wangekuja kabla ya Pasaka, na kama wasingeweza kuifuata njia kwa alama zake, wangeifuta kwenye ramani. Ikifutwa, mnyororo unabaki. Kazi yako yote ingeishia pale kwenye kufuli.

Kule baa walikusema, usidhani hawakukusema. Mdogo wako Batiste ndiye aliyeanza.

"Mwalimu mkuu wa alama," alisema akikoroga kahawa, "kapaka kwenye gome. Angekuwa Ximo angesimangwa mwaka mzima."

"Uzee huo," akasema Fermín. "Kichwa kilishaanza kwenda."

Hilo la kichwa lilituuma, maana nyumbani nasi tulikuwa tukiliwaza bila kulitamka. Hatukuona kuwa Mama amesimama mlangoni na mkate wake kwapani.

"Kichwa chake kilikuwa kizima kuliko chako, Fermín," alisema. "Mgongo na magoti ndivyo vilivyomwacha. Mimi nilikuwa namfunga kamba za viatu kila asubuhi, majira yote ya baridi, mpaka siku ile. Hakuweza kuinama."

Batiste akaweka kijiko chini. "Shemeji, mbona hukusema?"

"Aliniambia, ukiwaambia watoto watanifungia ndani nikae na blanketi miguuni. Sasa mimi ndiye ningemfungia? Mtu anayekula amesimama?"

"Hata mimi kaka yangu hakuniambia."

"Wewe ungemtania."

"Ningemtania," Batiste akakubali, akaiacha kahawa yake ikapoa.

Tukaelewa hapo. Alama za mawe ziko chini, usawa wa goti na chini yake. Hukusahau kanuni yako hata kidogo. Ulijua mialoni itabanduliwa, na bado ukaipaka, usawa wa kifua, kwa sababu ndipo mkono ulipofika. Labda ulitumaini zamu ya msitu ule ingechelewa mwaka mmoja zaidi. Tulikukasirikia, tukwambie ukweli. Ungetuita. Ximo anaishi Castellón, haishi mwezini. Halafu tunakumbuka ulivyokuwa ukitoka na kopo, unapiga mluzi ili tusisikie unavyohema, na hasira yenyewe inatuishia.

Tangu siku ile nyumba haijatulia. Mama, aliyesema milima ni ya mbuzi na ya waume wasiojua kukaa, alinunua buti. Kila Jumamosi tunapita chini ya mnyororo, Batiste akimlaani mwenye shamba kwa sauti ya kutosha kusikika. Batiste anakata miiba. Ximo anasugua mawe kwa brashi ya waya, mimi napaka, na Mama anasimama nyuma yangu kuniambia mstari umepinda. Katikati ya wiki tunapigiana simu bila sababu yoyote. Mvua imenyesha huko? Ile ya kwenye kona haijaoshwa? Hatuwezi kukaa, Baba. Umetuambukiza.

Jumamosi iliyopita lilikuwa limebaki jiwe moja tu, lile la njia panda, walipopotea wale wawili. Unalijua. Nusu yake imo ardhini. Nilipoanza kuinama, Mama alininyang'anya brashi, akapiga magoti kwenye majani makavu ya mialoni.

"Shemeji, paka kwenye mwamba ule wa juu," Batiste akamwambia. "Wataona vizuri, nawe hutaumia."

"Hapa," Mama akasema. "Hapa ndipo alipokuwa anataka kufika."

Akapaka mweupe, akapaka manjano. Mstari umepinda. Hakuna aliyemwambia.

Wakaguzi na waje.

Unakumbukwa na mkeo Hortensia, wanao, mimi Lidón na Ximo, mdogo wako Batiste ambaye hana tena wa kumtania, na majirani wote wa kijiji chetu cha Benalcor. Fermín naye ameomba atajwe. Alipekua rundo zima la magome mpaka akapata kipande chenye alama yako, akakileta kwa Mama akiwa amevua kofia. Mama hakukitundika ukutani. Kiko mezani, anawekea sufuria ya moto, na kila siku wakati wa chakula tunakiona.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili katika kanisa la kijiji, kisha tutapanda wote hadi kikanisani. Wanaokuja wavae viatu vya kutembelea.

Sasa kaa, Baba. Kuinama ni zamu yetu. Maisha yetu yote hatutakusahau.