Nyasi Ulizozilaza Pale Ukutani

Mke wangu Mama Kulwa,

Umekufa. Nilikuwa nawasha jiko asubuhi, nikakuita, hukuitika. Nikakuita tena. Daktari alisema kiharusi kimerudi. Basi. Tumekuzika mvua inanyesha.

Siku ya kuanua tanga ndugu zako walinisukuma nisimame nishukuru watu. Nikasimama. Sauti ikagoma, nikakaa. Ndiyo maana naandika. Shule yangu unaijua, niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitegemee maneno mazuri. Nikimaliza naibandika mlangoni kwa Ghala, wenyewe waisome. Lakini barua ni yako.

Ghala wewe ndiye uliyelipa jina. Timu wanasema uwanja wa ndani wa mazoezi. Siku nimekuonyesha lile paa la bati kwa mbali ulicheka. Ukasema, "Hili ghala la samaki. Mmekosa samaki, mkatia mpira." Mtaa wetu wote wa Kiseke ukashika hilo jina. Mimi msingi wake nimevunja mawe kwa mikono hii, zege nimebeba. Ujenzi ulipoisha wakaniambia baki, uwe unapiga brashi nyasi za bandia. Nikabaki.

Halafu ukaanguka. Ulikuwa mwaloni, kando ya ziwa, unaanika dagaa. Walipokuleta mguu wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine. Na kwetu pale unapajua, njia ni mawe matupu, hata mzima anateleza. Ukawa unakaa kizingitini unagombana na kuku. Nikasema nikubebe twende kanisani. Ulinijibu vibaya sana. "Mimi siyo gunia. Nitakwenda kanisani kwa miguu yangu, au siendi."

Kesho yake nikamwambia Mama Rehema, yule msimamizi wa Ghala. Nilitegemea aniambie pole tu. Akasema, "Timu ikimaliza asubuhi, uwanja ni wa wananchi. Mkeo siyo mwananchi? Mlete. Pale kuna chini tambarare na bomba la kushika."

Nikakuleta na bajaji. Mlangoni ukavua kandambili. Mama Rehema akakuambia, "Bibi, ingia nazo tu, humu watu wanaingia na njumu."

"Wao wanalipwa kuharibu," ukasema. "Mimi sijalipwa. Kapeti la watu silikanyagi na matope."

Hukuvaa kiatu mle ndani hata siku moja.

Unakumbuka lile bomba la chuma ukutani, wachezaji wanaloshika wakinyoosha miguu. Ulilishika ukaanza. Unavuta mguu, unapumzika, unatukana kidogo kwa Kisukuma, unavuta tena. Mguu ukipita nyasi zinalala nyuma yako, mstari mrefu, kama mtu kaburuta jembe. Ulipogeuka ukauona ukaona aibu.

"Ona, nimelaza nyasi za watu. Ziinue, Baba Kulwa. Mwenzangu asije kuteleza."

Ni kweli, nyasi zile za bandia zikilala zinateleza. Basi kila asubuhi nilikuwa naanza na ukuta wako, nakokota brashi, naziinua. Mchana unakuja unazilaza. Sikuwahi kukuambia kwamba niliipenda hiyo kazi kuliko zote. Nilikuwa naangalia mstari najua jana umefika wapi. Mwanzo ulikuwa unaishia karibu na mlango. Baadaye ukafika katikati. Baadaye golini.

Na yule beki wa kushoto. Akimaliza mazoezi haondoki mpaka ufike. "Shikamoo bibi." "Marahaba mkwe wangu." Hana hata mchumba kwetu, umeshamfanya mkwe. Anatembea kinyumenyume mbele yako, amepanua mikono.

"Bibi, huwezi kunipita."

"Mguu wangu umekufa na bado nakupita. Jumamosi si umepitwa?"

"Uliniona wapi?"

"Nilimsikia mtangazaji wa redio anavyokuhurumia."

Wenzake wakaanguka chini kwa kucheka. Na yeye alicheka. Siku ile umeachia bomba ukatembea mwenyewe mpaka golini, ni yeye aliyepiga filimbi ya kocha kama tumefunga. Mimi nilikuwa nimeshika brashi. Sikupiga makofi. Ningeachia brashi ningelia mbele ya vijana.

Kanisani ulikwenda. Kwa miguu yako, kwenye mawe yale yale, na fimbo. Watu waligeuka wote, hata padri aliinua macho kitabuni. Ulikaa benchi la mbele kama mwenye kanisa. Hiyo nilipewa niione. Nasema asante.

Sasa nikuambie msiba wako, maana hukuuona.

Mvua haikukatika. Turubai tuliloazima lilijaa maji likachanika. Ndugu zako wa Sengerema wamevuka na kivuko, wamefika wamelowa, hakuna pa kukaa. Nyumba yetu unajua inachukua watu wangapi. Kocha akaja kutoa pole, akaangalia watu wamesimama chini ya mabati ya jirani. Akaondoka haraka. Baada ya muda Mama Rehema akapiga simu, "Leteni msiba huku."

Nikasema timu ina mazoezi. Akasema timu itafanyia nje.

Na walifanyia nje, Mama Kulwa. Watu wenye mikataba walikimbia kwenye tope na mvua, sisi tumekaa pakavu. Walipomaliza walikuja kukuaga wametapakaa matope mpaka masikioni. Yule mkwe wako alikuwa wa kwanza. Akasimama mlangoni, akavua njumu, akavua na soksi. Wote wakavua. Hakuna aliyewaambia.

Nikajua wamejifunza kwako. Na waombolezaji nao walikuwa wamevua. Wanawake waliona nyasi wakasema huu ni mkeka, wakaacha viatu mlangoni wakakaa chini katikati ya uwanja wamenyoosha miguu. Wanaume wakafuata. Mlangoni ukawa mlima wa viatu, vyote vimelowa, vyote rangi ya tope. Shangazi yako akataka kuingiza jiko la mkaa achemshe chai. Nikasema, "Shangazi, moto hapana. Nyasi zinayeyuka." Akaniangalia sana. Alikuwa anawaza, mkewe amelala pale kwenye jeneza, yeye analinda nyasi. Lakini ningeziacha ziungue ungeniuliza.

Jeneza tuliliweka pale golini ulipokuwa unaishia. Katekista akasali. Sauti inazunguka mle ndani, nyimbo zikawa kubwa kama tuko watu wa wilaya nzima.

Kutoka ndiyo ikawa vurugu, viatu vimechanganyika. Kocha alirudi kwake na kandambili mbili, zote za kulia. Keshokutwa yake mdogo wako ananipigia kutoka Sengerema. "Shemeji, nimekuja na viatu vya mtu. Vizuri, lakini vinanibana." Nikacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza. Nikageuka nikuambie, kitanda kitupu.

Tangu hapo sijaenda Ghala. Masanja, tunayefanya naye kazi, ananishikia. Juzi kaja, kakaa hapa kizingitini pako, kanywa uji, kasema, "Kaka, ule mstari wa mama sijaugusa. Napiga brashi uwanja mzima, pale ukutani naacha. Na watu hawapakanyagi."

Nilimshika mkono. Nilitaka mstari ubaki. Nilitaka uwepo hata mimi nikizeeka, niwe nauona.

Akaendelea, hakujua anachosema. Kuna mzee wa mtaa wa Pasiansi, naye mguu umekufa, kaanza kuja. Wakamwambia pale ukutani ni pa marehemu, pita kati. Kati hakuna bomba. Anatembea ameshika bega la mkewe, na mkewe mwenyewe mdogo wa mwili. Wanayumba wote wawili.

Nimelala na hilo siku mbili. Najua ungesema nini, ulishasema. Mwenzako asiteleze.

Kwa hiyo mstari nauondoa. Nitaanza na ukuta wako kama zamani, kutoka golini kuja mlangoni, niinue zote. Bomba nitalifuta. Halafu nitamwambia yule mzee ashike, avute mguu, azilaze kwa kadiri anavyoweza. Kazi ya kuinua ni yangu.

Wa Ghala mnaosoma hapa mlangoni, kocha, Mama Rehema, vijana, nashukuru. Mlinipa mke wangu anatembea, mkanipa pakavu pa kumlilia. Mwenye kandambili ya kushoto amrudishie kocha.

Mama Kulwa, pumzika. Kuku nawalisha. Wananigombeza mimi sasa.

Kesho narudi kazini.

Mumeo,
Baba Kulwa