Bluu ya Watoto wa Kasa

Mikindani,
Jumapili

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, mimi mdogo wako Ramadhani. Vipi mguu, bado unavimba ukisimama sana? Na mwanao Latifa na kichanga chake wameamkaje? Huku wifi yako hajambo, ila jino linamsumbua, na anasema nikuambie ile mihogo uliyompa msibani ilikuwa mitamu mpaka majirani wakaimaliza. Mimi mwili mzima. Kilichobaki siyo kizima, ndiyo maana umeona barua.

Najua utashangaa, nani anaandika barua siku hizi na simu zipo. Simu nimepiga, dada. Ulipopokea nikakuuliza kama mikorosho imeanza kutoa maua, ukasema imeanza, nikasema haya, nikakata. Nikapiga tena nikakuuliza habari za mbuzi. Ukaniuliza wewe Rama, siku hizi umekuwa bwana shamba? Tukacheka. Baada ya kukata nilikaa na simu mkononi kama mjinga. Basi nimechukua karatasi. Ataileta Samweli wa bodaboda, nakuomba usimpe Latifa akusomee. Vaa miwani usome mwenyewe.

Kwanza nikupe habari za hapa. Asubuhi bado nakaa na chai yangu nyuma ya yale magofu, maji ya bahari yakipwa. Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanatoka matopeni, kila mmoja anapunga lake kama anaita bajaji. Gando ni jekundu lakini siyo jekundu la kopo la rangi, lina rangi ya machungwa kwa ndani, nimelitafuta miaka yote sijalipata. Mdiria wangu bado anakuja kukaa kwenye waya wa umeme. Akikupa mgongo juani ni bluu inayowaka, akigeuka kivulini unaona ndege wa kawaida tu. Kunguru amenibebea kifuniko cha rangi ya njano, na mbuzi wa jirani amelamba chokaa ya ukuta niliokuwa nauandaa mpaka akabaki na ndevu nyeupe kama shehe. Zamani vitu hivi vilikuwa vinanishibisha. Siku hizi kaa wakiniona wanakimbilia mashimoni, nami nawaambia kimoyomoyo mnafanya vizuri, mkimbieni huyu.

Unamkumbuka Anold, yule mtu wa Bukoba wa bandarini, aliyejenga nyumba ya wageni kule mjini. Ndiye aliyenipa ule ukuta mkubwa wa mbele. Alitaka ufukwe wa huko kwako, mchanga, bahari, na watoto wa kasa wanaotoka kiotani kukimbilia maji. Akaniambia fundi, nataka mgeni akishuka kwenye bajaji kabla hajalipa aseme kumbe nimeshafika. Ukuta kama ule sijawahi kupewa. Mimi ni mtu wa kuandika Duka la Dawa na kuchora kuku kwenye mabanda ya chipsi, unajua.

Wewe ulipita pale siku ulipomleta Latifa kliniki, tumbo lake likiwa kubwa. Nilikuwa nimeshawachora wale watoto, kijani na kahawia, yaani nimemchukua mama yao nikampunguza. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, rangi ikakuganda kiganjani. Ukasema Rama, hao siyo kasa, hao kobe wa shambani wamepotea njia. Ukanieleza mtoto wa kasa akitoka mchangani mgongo wake ni mweusi wenye bluu ndani, na pembeni ana mstari mweupe. Nikakuuliza bluu ipi, kuna bluu nyingi. Ukasema subiri, kile kiota changu cha kwenye mivinje kikikaribia nitakupigia, utaiona kwa macho yako.

Ningesubiri, dada. Lakini Anold alikuwa amesimama mlangoni, alikusikia. Tangu siku ile kila asubuhi akifungua geti ananiuliza fundi, kobe wako wameamkaje? Wapishi wake nao wakadakia. Mpaka mama wa vitumbua akawa ananiita Baba Kobe. Nilikuwa nacheka nao, lakini nikirudi nyumbani sili.

Sasa ukuta umekwisha na watu wanausifu. Wanasema wale watoto wa kasa wanatembea kabisa. Kuna mwalimu mmoja alipiga magoti kumwonyesha mwanawe ile bluu. Anold ameacha utani, ananiita msanii. Mimi nikipita pale navuka barabara, natembea upande wa pili.

Nije kwenye msiba wa mjomba. Wakati ule kikundi chenu cha kulinda viota kilikuwa kimeshafukua kile kiota cha kwenye mivinje baada ya kuona hakitoi kitu. Wakakuta mayai yamepungua, na yaliyobaki yote yameoza. Hakuna aliyekuambia usoni kwamba umekula au umeuza. Walikuambia tu pumzika kwanza, mama, una mjukuu mchanga. Wakachukua tochi na fulana ya kikundi, zamu yako wakampa mtu mwingine. Wewe, ambaye ulikuwa unajua kasa amepanda wapi kwa kuangalia mchanga tu.

Halafu msibani, watu wamekaa kwenye mikeka, akainuka mtani wetu Mwanaidi. Mtani kwenye msiba ana ruhusa yake, hilo tumezaliwa nalo. Akajifunga kanga kama unavyojifunga wewe, akaburuta mguu kama unavyouburuta, akashika ndoo na tochi ya kopo. Akazunguka uwanja anamulika chini ya mikeka ya watu. Akakaa, akatoa mayai ya kuku ya kuchemsha, akamenya, akabugia mawili kwa pamoja, shavu huku na huku. Akasema wajukuu zangu, kazi ya ulinzi inachosha, mlinzi naye ana tumbo. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka wakishikana mabega. Na wewe kwa mila hukuweza kununa. Ulicheka, ukamtuza, ukavuta kanga ukafunika mdomo.

Dada, mimi pia nilicheka. Nilikuwa kwa wanaume, karibu na sufuria, nikacheka kwa sauti ili nisionekane sicheki.

Baadaye Latifa akaja kukuomba ufunguo wa nyumba. Ukaufungua kwenye pindo la kanga, nikaona umefungwa kwa kitambaa. Nikakijua. Ni kile cha kanga ya zambarau, ulichokuwa umekifunga kwenye kijiti cha alama pale kiotani. Kilikuwa na alama za vidole, bluu nyeusi. Ukaniangalia. Hukuniangalia sana, kidogo tu, kisha ukamwambia Latifa mlango unakaza, usukume kwa bega.

Hapo nikaelewa kwamba unajua. Sijui uliking'oa kabla hawajaja kufukua au mbele ya macho yao. Najua tu ulikiondoa wasikione, ukabeba jina langu kwenye pindo la kanga, na mimi nikakaa nacheka.

Sasa nakwambia mwenyewe, kwa sababu kujua siyo sawa na kuambiwa. Ni mimi.

Ilikuwa siku ile mko hospitali, Latifa ana uchungu. Nilikupigia, ukaniambia bado, tunalala hukuhuku. Nikasema Mungu atamsaidia. Ni kweli nilimwombea. Lakini nilipokata simu kitu cha kwanza kuingia kichwani ni kwamba ufukweni hupo. Nikapanda bodaboda na makopo yangu. Mwenzako wa zamu alikuwa amekwenda kula. Nikakaa pale kwenye kijiti chako, nikachimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko.

Nilitaka kuona moja tu. Nilipoyagusa, yale mayai, meupe ambayo siyo meupe, yanabonyea kama mpira uliopungua upepo, nikasahau nilichofuata. Nikayatoa moja moja nikayapanga mchangani. Nikawa nayageuza nione jua linapitaje. Nikapasua moja. Alikuwamo, dada. Hajamaliza, amefumba macho, bado ameshikana na kiini, lakini mgongo ulikuwa na ile bluu. Nikafungua makopo, nikaichanganya palepale, namweka mtoto kwenye kiganja cha kushoto, nachanganya kwa kulia, mpaka rangi na mgongo wake vikawa kitu kimoja. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote. Alikuwa anakauka mkononi mwangu na mimi nimefurahi.

Yale mengine nikayarudisha. Niliyapanga vizuri, kila moja kwenye nafasi, nayazungusha kama kuku anavyozungusha yake, najiona nayahudumia. Ulishawahi kuniambia kwamba yai la kasa haligeuzwi, lilivyolala ndivyo linavyoachwa, ukiligeuza mtoto anazama humohumo ndani. Uliniambia umekaa kizingitini, unaosha dagaa. Mimi nilikuwa naangalia magamba yanavyong'aa kwenye maji. Nilisikia, sikusikiliza. Kijiti kilikuwa kimeanguka, nikakisimamisha, nikakaza kitambaa chako kwa vidole hivihivi, vikiwa bado na rangi.

Machache nilikuja nayo kwenye kopo, nimeyafukia mchanga, nikayaweka karibu na jiko. Nilijiambia watoto wakitoka nitawapeleka mwenyewe baharini. Yaliponuka nilimdanganya wifi yako kuwa ni kaa aliyefia uani. Nikayazika, kunguru wakayafukua, wakayatapanya maganda mpaka mlangoni kwa jirani. Niliokota peke yangu, kila kipande.

Kwa hiyo walioiba mayai siyo watu wa mbali, na mlinzi hakula chochote. Mwizi amekulia mgongoni kwako, ndiye huyuhuyu uliyekuwa unamfuta kamasi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ijumaa baada ya sala nakuja, kikundi chenu kikikaa nitasimama mbele yao niseme kama nilivyosema hapa. Watu wa hifadhi ya bahari wakitaka kunipeleka mbele ya sheria, nitakwenda. Wifi yako nimemwambia jana. Alihamishia godoro chumba cha watoto. Mwanaidi pia nitamwomba awepo, na nitamwambia msiba unaofuata anichezee mimi, rangi nitampa.

Anold aliponiuliza kwa nini sifurahii kazi yangu nilimweleza. Akauliza kama nataka kuwafuta wale wa ukutani. Nikasema hapana. Nikiwafuta nitakuwa nimewaua tena ili nipate usingizi. Wabaki, na mimi nipite upande wao wa barabara.

Nina ombi moja tu. Nakujua, dada. Ijumaa ukiniona nimesimama utataka kusema Rama amechanganyikiwa, msiba umempanda kichwani, mwacheni. Usinifiche tena. Njoo na ule ufunguo, na kitambaa chake usikifungue. Wakikataa kuniamini, wape wakilinganishe na ukuta wa Anold. Bluu ile haiuzwi duka lolote hapa Mtwara.

Msalimie Latifa, mbusu mjukuu kwa niaba yangu kama bado unaona nafaa kutuma salamu. Wasalimie majirani, ila Mwanaidi usimwambie kitu, nitamkuta mwenyewe. Ule mguu usiuburute kwenda kunisubiri barabarani. Nitafika mpaka mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Ramadhani