Mzee Aliyehama Meza

Nachingwea,
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui kwa baridi ya huko Liwale. Vipi dada Amna na kichanga chake? Mwambie namsalimu sana, na namwombea mpwa wangu asifanane na mimi kwa lolote isipokuwa hamu ya kula. Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Nyumba naifagia, kuku wako wanalala ndani, na baraza limejaa pampu za kupulizia salfa hadi pa kukalia hapana, maana msimu wa mikorosho umepamba moto na kila mtu anataka yake itengenezwe kwanza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu huko kwenu mtandao mpaka upande kichuguu, na mambo haya si ya kupayuka juu ya kichuguu.

Kaa kwanza, Mama. Siku uliponiaga stendi ulinishika sikio kama mtoto wa darasa la pili, ukaniambia nisionekane hotelini hata kwa kikombe cha chai mpaka jibu la posa yangu litoke. Mjomba Mahamudu alikuwa ameshaleta habari kutoka Nanganga: baba yake Mwanamvua hana neno na ukoo wetu, ila amesikia huyo fundi wa pampu ni mtu wa mahotelini, na yeye hamwozi bintiye kwa mwanamume asiyejulikana anakula wapi. Miezi miwili sasa, kimya. Nami nilikuahidi, tena kwa kiapo. Basi mwanao nimekula hotelini siku mbili mfululizo. Usiitupe barua motoni, isome mpaka mwisho.

Aliyeniponza ni Tunu, mke wa rafiki yangu Fahadi. Tangu waanze kuvuna ufuta amekuwa akipikia vibarua tisa, asubuhi na jioni, mpaka macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Ijumaa akatangaza kwamba sufuria amezifunika. Jumamosi na Jumapili hapiki, haoshi chombo, na asiyetaka kusikia atajua hajui. Fahadi, kwa kumpenda au kwa kumwogopa, mimi sijui, akasema basi tutazunguka tukila mahotelini, na mimi nikaitwa. Nilikataa, Mama. Nilikataa mara moja. Waliponiambia mara ya pili Tunu alitaja supu ya mbuzi, nikaenda kutafuta shati.

Jumamosi tulikula hapahapa Nachingwea. Asubuhi supu na chapati karibu na stendi. Nilikaa nimeupa mlango mgongo, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, mhudumu akaniuliza kama naumwa macho. Mchana pilau kule sokoni. Tunu alikula polepole kama bibi harusi, na kila sahani ilipoondolewa mezani aliisindikiza kwa macho, akisema leo kuna mtu mwingine ataiosha. Alicheka siku nzima. Fahadi naye alimtazama mkewe mpaka mchuzi ukamdondokea shatini. Nilifurahi kuwaona, nikasahau hata kujificha.

Jumapili wakasema twende Ruangwa, kuna hoteli inasifiwa kwa ugali, kisamvu cha karanga na kuku wa kienyeji. Nikawaambia jamani, huko ndiko kwa wakwe. Fahadi akanicheka, akasema Nanganga si Ruangwa mjini, na mzee mwenyewe hajawahi kuniona wala mimi sijawahi kumwona, sasa namkimbiaje mtu nisiyemjua? Nikaona ana akili. Ukiwa na njaa, Mama, kila anayekuita kula ana akili.

Tulikuta pamejaa, maana ilikuwa siku ya mpira. Mhudumu akatupeleka kwenye meza ya mzee mmoja aliyekuwa peke yake na kuku wake. Tukamwamkia, nikamshikia jagi akanawa. Mama, yule mzee ana raha! Aliponiuliza kazi nikataja pampu, na yeye akaanza kunieleza ya kwake inayotema salfa upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Nikamchorea kwa kidole juu ya meza pa kuifungua. Akanichokoza kwamba nakula kama niliyelima heka tatu alfajiri. Nikamjibu kwamba kwa mifupa anayoacha yeye, mbwa wa Ruangwa watalala njaa. Alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia yake. Kisha akanimegea paja la kuku wake kwa mkono wake mwenyewe. Tangu baba afariki sijakaa kula na mzee nikajisikia vile.

Utamu ule ndio ulionilegeza ulimi. Aliponiuliza kama nina mke nikamwaga yote: kwamba nimeposa Nanganga, kwamba binti ananipenda na mimi nampenda, kwamba mzee wa watu amelikalia jibu kama kuku anayeatamia, na kosa langu eti kula hotelini. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba mzee huyo bila shaka hajaonja kuku wa hapa, angeonja angehamia. Yule mzee akaacha kutafuna. Akaniuliza huyo mkwe wangu anaitwa nani. Nikamwambia Jumanne Harithi. Akaniuliza na mimi ni nani. Nikasema Rashidy, mtoto wa marehemu Saadi wa Nachingwea.

Akainuka, akachukua sahani yake na glasi ya maji, akaenda meza ya pembeni kabisa, vijana wakajibana kumpa nafasi, akakaa akanipa mgongo. Mhudumu alipopita akatuuliza tumemfanya nini Mzee Jumanne wa Nanganga, mteja wao wa kila siku ya mpira.

Nilikufa, Mama. Machozi yalinitoka mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamwambia Fahadi tuondoke, Mwanamvua nimeshamkosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Tunu akanikamata mkono, naye anacheka. Akaniuliza ni lini nimeona mzee wa kwetu akimhama mezani mtu baki. Akasema angekuwa amekasirika angekaa palepale, anitukane huku anamaliza kuku wake. Mzee anabeba sahani na kugeuza mgongo kwa mtu ambaye ni mwiko kula naye, na huyo ni mkwe tu. Nikamtazama tena yule mzee. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Punde mhudumu akaja na ujumbe wake. Wazee wetu wafike Nanganga Ijumaa, baada ya swala. Lile paja nilimalize. Na habari kwamba tumeonana hotelini isimfikie mkewe.

Nilifurahi mno. Lakini nakukiria jambo ambalo hata Fahadi sijamwambia: pale pale niliumia. Nilimpenda yule mzee kabla sijajua ni nani, na sitakaa naye tena sahani kwa sahani maisha yangu yote. Basi nikakigeuza kiti changu, na mimi nikampa mgongo wangu, kwa heshima. Tukala hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka sahani zote mbili zikaisha.

Nisamehe kiapo, Mama. Barua hii nampa kondakta wa basi la leo. Panda la Jumatano urudi, mjomba Mahamudu ameshaanza kupiga pasi kanzu. Mbusu mtoto, msalimie Amna na shemeji, na majirani wote wa huko wanaonijua.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Rashidy Saadi