Baba, Soketi Zimerudi Juu

Baba yangu, Allah akurehemu,

Leo sikaliki. Tangu asubuhi nimeshakwenda kuitazama meni swichi mara tano, kama kwamba itatoroka. Nikaona bora nikuandikie, maana furaha hii wewe ndiye ungeifahamu.

Unakumbuka ulipokuwa ukiifungia umeme nyumba yetu hii ya bondeni, chini ya Madungu? Ulimsimamisha mama ukutani, ukachora mstari wa penseli usawa wa bega lake. "Soketi hapa," ukasema. Mama akacheka: "We fundi, na waya wa pasi utafika chini?" Ukamjibu kuwa maji ya masika huingia bila hodi. Mimi nilikushikia mabomba ya waya, nawe ukanifunza kuugusa ukuta wenye unyevu kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, umeme usije ukanikamata.

Mwaka uliofariki nilitoka chuo cha amali na cheti changu, kichwa kimevimba. Nyumba nilizofanya kazi kule Gombani soketi zao zilikuwa chini, nadhifu. Zako nikazionea haya. Nikazishusha zote karibu na sakafu, nikapaka rangi, nikajisifu. Masika yaliyofuata maji yakaingia alfajiri. Mama alishuka kitandani kuokoa godoro, umeme ukamtupa hadi mlangoni.

Alipona, alhamdulillahi. Aliniambia neno moja tu: "Zima." Masika matatu sasa ametumia taa ya sola, na hajanilaumu hata siku moja. Bora angenilaumu.

Mwezi uliopita nilimwomba ruhusa niirudie kazi. Akaenda mwenyewe kusimama ukutani, palepale. "Haya, pima." Nilikwangua rangi yangu nikaukuta mstari wako. Bega lake sasa liko vidole vinne chini ya mstari, baba. Nikamuuliza nifuate mstari au bega.

"Fuata mstari wa babaako. Mie nimezeeka, maji hayajazeeka."

Basi nimevuta waya mpya nyumba nzima, nikatia na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Jana mkaguzi alipima kila tundu, akatia saini. Kilichobaki ni mama kukubali umeme uwashwe.

Barua niliiacha hapo. Sasa ni baada ya alasiri. Nilitaka kuwasha mimi, mama akanisogeza. Akaugusa ukuta kwanza, kwa mgongo wa mkono.

"Kakufunza nani hivyo?" nikamuuliza.

"Kwani babaako alikuwa na mwanafunzi mmoja?"

Akawasha. Taa zikawaka vyumba vyote, nami nikalia mbele ya mama yangu bila haya. Yeye hakuwa na habari nami, alikuwa anatafuta pasi. Sasa anapiga pasi kanga zake za masika matatu, na waya, baba, unafika.

Lala kwa amani.

Mwanao, fundi mwenzio