Simu ya Alfajiri

Kwa Baba mpendwa, Ludara.

Nakusalimu kwa heshima. Goti lako limetulia? Na mihogo ya kule bondeni umeshaivuna, au nyani wamekutangulia?

Mimi ni mzima, ila nimechoka, Baba. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe husema neno lako ukakata kabla sijafungua mdomo. Barua hii anakuletea mkimbiaji mwenzangu wa Arua. Anarudi nyumbani, jeraha la kifundo limemshinda.

Huku Italia kocha anahesabu usingizi kuwa sehemu ya mazoezi. Ametundika pazia jeusi dirishani, amenikataza chai baada ya chakula cha mchana, na anataka nilale kidogo kila mchana. Wiki ya kwanza niliketi tu kitandani nimevaa viatu, naona haya, maana nilikuwa nakusikia: "Mutu nalala mchana iko mgonjwa, ama iko mvivu." Sasa nalala. Unisamehe.

Shida ni usiku. Ukinipigia saa kumi na moja alfajiri uniamshe nikakimbie, huku ni saa tisa usiku. Saa zetu zimepishana, Baba. Nikishaamka usingizi haurudi, na asubuhi miguu ni mizito. Kocha amenivalisha saa ya mkononi inayomwonyesha kila nilipoamka. Aliniuliza ni nani anayenipigia, nikamdanganya kwamba ni kengele ya simu. Amesema muda wangu usiposhuka kwenye mashindano ya mwezi ujao, mimi pia nitafunga mizigo.

Utasema, si uizime? Nimejaribu. Usiku niliouzima simu nilikaa macho mpaka kukapambazuka. Mama alipofariki pale hospitali ya Kuluva ulinipigia usiku kucha, na simu yangu ilikuwa imezimwa. Hukunigombeza hata mara moja, lakini tangu siku ile naogopa kuizima.

Nisalimie shangazi wa Ajia, anayedhani Ulaya hakuna jua. Mwambie lipo, ila halina nguvu. Msalimie na kaka yangu mkubwa na mkewe. Mtoto wao ameshasimama?

Baba, ulikuwa sajini. Watu walilala na kuamka kwa neno lako. Nakuomba unipigie jioni, mara moja tu, uniambie: "Poni, zima simu, lala." Nitatii.

Ni mimi binti yako, ningali macho,
Poni