Farasi wa Burbank Husimama Kwetu

Harlow Gap, Vermont, 6 Mei 1889

Mdogo wangu Amasa,

Bwana Burbank alitangaza jana mlangoni pa kanisa kwamba hoteli yetu itafungwa kabla theluji haijaanguka, na kwamba wewe umekwisha kukubali kumuuzia nusu yako. Nilikuwa nyuma yake, nimebeba pai. Nikamwuliza, "Na nusu yangu je?" Akasema, "Bibie, nusu hoteli haina hata mlango." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana alilisema vizuri.

U hali gani? Kifua kimepoa? Sisi wazima. Mzee Perley, saisi wetu, mguu unamsumbua, mdomo hausumbuki.

Nijibu jambo moja tu. Umekubali?

Dada yako,
Lovina


Boston, 10 Mei

Dada Lovina,

Nashukuru kusikia mko salama. Kifua changu kimepoa. Mhariri wangu bado.

Sijakubali. Nimeahidi kusaini tarehe 3 Juni nisipoona sababu ya kukataa. Nimeandika habari za hoteli nyingi za mashambani zilizokufa, na dalili zake nazijua. Burbank ndiye mwenye banda la farasi wa kukodisha pale stesheni ya Pike. Kila anayeshuka kwenye treni hukodi kwake, na watu wake humwelekeza moja kwa moja kwenye hoteli yake, kule mbele ukishapita kwetu. Ana taa mpya, ana ukumbi wa wachuuzi kutandaza sampuli zao. Wewe una nini? Nataka mambo yalivyo, usiniandikie matumaini.

Msalimie Perley.

Mdogo wako,
Amasa


Harlow Gap, 17 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekula kitu kisichotoka kwenye karatasi.

Nina hori la shayiri, hapo karibu na geti.

Burbank amewakataza watu wake wasiwalishe farasi wa kukodi. Aliyekodi ndiye alishe, na mtu mwenye masanduku ya vifungo vya nguo hakumbuki hilo. Basi wanapanda kilima kile chote na matumbo matupu. Sisi, unajua, tangu enzi za baba mnyama akisimama uani hunywa na kula kwanza, ndipo tunauliza ni wa nani. Sikuona sababu ya kuacha kwa kuwa mwenye farasi hanipendi. Perley huongeza molasi kidogo.

Sasa hawapiti. Wiki iliyopita mchuuzi mmoja wa vifungo, Bwana Tibbits, alipiga mjeledi, akapiga kelele, mwisho akashuka kumvuta yule farasi wa kijivu. Kijivu akaingia getini na Tibbits ananing'inia kwenye hatamu. Perley akamwambia, "Bwana, mwenzio ameshapata chumba. Wewe utalala wapi?"

Burbank alikuja mwenyewe. "Unawahonga farasi wangu."

"Walishe wewe, uone kama nitapata wa kumhonga."

"Sifundishwi kazi na mwanamke."

"Basi fundishwa na farasi," akasema Perley.

Kwa hasira amewavalisha farasi wote vidoto vya macho, wasione ua wetu wanapopita. Pua hakuzifunga.

Dada yako,
Lovina


Boston, 24 Mei

Dada,

Salamu kwako na kwa Perley. Mimi sijambo.

Nimecheka, halafu nikafikiri. Mtu aliyeburutwa na farasi bado si mgeni wako. Je, huwa anarudi? Hilo tu ndilo ninalotaka kujua, na wewe si wa kuulizwa, kwa kuwa hoteli ni yako.

Jumatatu tarehe 3 nitashuka Pike. Burbank ameniwekea farasi, na mwanasheria atanisubiri hotelini kwake saa sita mchana. Nitakupitia baadaye. Usiandae chochote.

Mdogo wako,
Amasa


Harlow Gap, 28 Mei

Mdogo wangu,

Sote wazima. Sitaandaa chochote. Ubao mmoja wa daraja umelegea, pita kushoto.

Dada yako,
Lovina


Boston, 5 Juni

Dada Lovina,

Nimefika salama, na kifua hakina neno. Nakueleza yale usiyoyaona.

Pale Pike nilipewa yule wa kijivu, na vidoto vyake. Saisi wa Burbank akanitia mjeledi mkononi: "Ukifika kwa yule mama, usimwonee huruma." Getini kwako nilikaza hatamu mpaka mikono ikauma. Aligeuka tu, akaingia. Wewe ulikuwa unaanika mashuka na hukugeuza shingo. Asante kwa hilo.

Nisingekataa kusaini kwa ajili ya farasi tu. Ulipokuwa jikoni nilifanya kazi yangu: niliwauliza watu waliokuwa mezani. Tibbits alisema, "Siku ile niliburutwa. Leo sikugusa hatamu." Mwingine alikuwa analala kwa Burbank, kampuni yake imemlipia, lakini alikuja kwako kwa miguu kula chakula cha mchana. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Wanaolisha farasi wa mtu mwingine hawawezi kuninyima mchuzi." Hapo saa sita ilikuwa imeshapita, nami sikuinuka.

Nikiondoka nilimkuta Burbank getini kwenye kigari chake, ameshika karatasi ya mauzo. Farasi wake mwenyewe alitia kichwa horini bwana wake akiwa katikati ya neno "wizi". Perley akamwambia, "Endelea tu, bwana. Huyu anakula, hasikii." Nilimwambia siuzi. Alitaka kuondoka kwa hasira, ikabidi angoje mpaka hori liwe tupu.

Sasa kazi. Ng'ambo ya banda lake pale stesheni kuna banda tupu. Nimemwomba mkuu wa stesheni atukodishie, tuwe na farasi wetu wenyewe, walioshiba tangu mwanzo wa safari. Perley achague wawili. Wewe uamue majina ya kibaoni, lako litangulie.

Mkuu wa stesheni atatoa jibu Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa sita mchana. Nitakuwa hapo. Mlete Perley, na mje na shayiri.

Mdogo wako,
Amasa